Fisi Aliyevaa Leseni za Watu

Uuuu-wip! Uuuu-wip!

Mmesikia? Tulieni. Ni fisi tu, yuko mbali, ng'ambo ya bonde, na mlango nimeufunga, komeo nimeligusa mara mbili. Zuwena, mfunike mdogo wako. Mimi siogopi, nani kasema naogopa, nimechoka tu. Basi tusimsikilize yeye, atusikilize sisi. Nikiuliza, jibuni, ila polepole.

Mko macho?

Tuko macho!

Njia iko wazi?

Imefungwa!

Kaifunga nani?

Mwenye tumbo!

Tupite wapi?

Chini ya tumbo lake!

Haya. Palikuwa na panya buku, yule panya mkubwa mwenye mashavu kama mifuko, wakimwita Mama Buku. Watoto saba, mume hana, msiniulize mume alikwenda wapi. Kazi yake ilikuwa kubeba karanga. Kila siku ya gulio alishuka bondeni, akajaza karanga za watu shavu la kulia, akajaza shavu la kushoto, akapanda kilimani tipi-tipi-tipi, akazimwaga gulioni, akapewa konzi moja ya ujira, watoto wakala. Siku ya pili hivyohivyo. Tipi-tipi-tipi.

Sasa nchi ile, kubeba mzigo wa mwenzako kulitaka leseni. Leseni yenyewe kipande cha gome la mtini, kimetobolewa tundu, kimetiwa alama ya ukucha wa Simba, unakivaa shingoni kwa uzi wa ukindu. Huna gome, hubebi. Mpaka hapo hakuna ubaya.

Ubaya ulikaa Mlango wa Mawe, pale njia inapobanwa na majabali mawili. Fisi alikuwa ndiye askari wa njia. Akaweka mgogo, gogo zima la mti, katikati ya majabali, juu ya mgogo akapanga miiba, na kamba ya kuuinua akaifunga upande wa juu, anakokaa yeye. Aliujenga vizuri, hilo tusimdhulumu. Nyati alijaribu kuusukuma akarudi na pua inavuja damu.

Pyuuuu! Filimbi.

"Simama! Shavu la kulia, fungua. Shavu la kushoto, fungua."

"Afande, mzigo ni uleule wa juzi," anasema Mama Buku.

"Juzi nilikuwa nimeshiba. Mashavu yamezidi upana wa masikio. Faini, konzi mbili."

"Na ujira wangu ni konzi moja, Afande."

"Basi unadaiwa. Pita."

Na hakuwa yeye peke yake. Nungunungu alipigwa faini kwa sababu miiba yake inatoka nje ya njia. Komba alipigwa faini kwa sababu macho yake ni taa kali, yanawaumiza wanaokuja mbele. Kobe alipigwa faini ya kwenda polepole na faini ya kubeba nyumba. Kobe akauliza, "Nyumba niiache wapi?" Akaongezewa faini ya kujibu.

Na faini isipolipwa gulio hili, gulio lijalo inakuwa mara mbili. Gulio la tatu, Fisi ananyoosha mkono, anakata uzi wa ukindu, kata! Leseni imefungiwa. Anaitunga kwenye kamba yake ndefu pamoja na nyingine, anaining'iniza jabalini, upepo ukivuma zinalia kacha-kacha-kacha.

Mama Buku ilimfika gulio la tatu. Kata!

"Afande, nirudishie nibebe. Nikibeba nitalipa."

"Lipa kwanza, ndipo ubebe."

"Nitalipa na nini kama sibebi?"

"Hilo si la kizuizini," akasema Fisi, akapiga miayo.

Hilo si la kizuizini. Basi la wapi? Hakuna anayejua. Mama Buku akarudi nyumbani, mashavu yananing'inia kama soksi zilizofuliwa. Yule mtoto wake wa mwisho, ambaye hata kutembea hajajua vizuri, akaingiza kichwa chote ndani ya shavu la mama kutafuta karanga, akatafuta, akatafuta, akatoka. "Mama, humu mmekauka." Siku ya kwanza wakala mizizi. Siku ya pili wakala maganda. Siku ya tatu wakanyamaza, na ninyi hamjui, mtoto akilia kwa njaa ni afadhali kuliko akinyamaza.

Akaenda kwa Nungunungu. "Kaka, niazime leseni yako siku moja tu, wewe mguu unakuuma hubebi leo."

"Ina faini moja sijalipa, Mama Buku."

"Nitapita upesi, hataona."

Nungunungu ni mpole, akamvulia. Mama Buku akavaa, akajaza mashavu, tipi-tipi-tipi, moyo unamgonga kuliko miguu. Pyuuuu!

"Shavu la kulia, fungua. Shavu la kushoto, fungua. Hili gome la nani?"

"La Nungunungu, Afande."

"Lina faini. Lipa."

"Faini ya Nungunungu! Leseni yangu mimi unayo tayari."

Fisi akasimama juu ya jabali, maana foleni ilikuwa ndefu na alitaka wote wasikie. "Sikilizeni enyi wabebaji! Faini haiangalii sura. Faini inakaa kwenye leseni. Aliyeivaa shingoni ndiye mdaiwa, iwe yake, iwe ya jirani, iwe ya marehemu bibi yake! Mmesikia?"

"Tumesikia, Afande."

"Semeni!"

"Faini inakaa kwenye leseni. Aliyeivaa ndiye mdaiwa."

Kata! Akachukua na hiyo. Karanga akala zote, na maganda, na moja iliyoanguka kwenye tope. Nungunungu aliposikia hakugomba, alikaa chini tu. "Mama Buku," akasema, "umenimaliza." Afadhali angemchoma kwa miiba yake yote.

Haikupita muda, nchi nzima haikuwa na mbebaji. Leseni zote ziko kwenye kamba ya Fisi, kacha-kacha-kacha, karanga zinaota bondeni, gulioni watu wanatazamana. Ndipo Simba akatangaza: binti yangu anaolewa, nyama iko bondeni, nataka mbebaji mwenye leseni, ifike kilimani kabla jua halijakaa utosini. Anayekula nyama nitampa paja zima, asiyekula nyama nitampa gunia la karanga. Na ikichelewa, namla mbebaji.

Mama Buku akasikia. Hakulala. Asubuhi akaenda Mlango wa Mawe, mashavu matupu, bila gome, akakaa mbele ya Fisi kama mtu aliyekuja kusalimia tu.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Sina huruma leo."

"Sijaja kwa huruma. Nimekuja kukushangaa. Paja zima linakwenda kupotea, na mwenye leseni nchi hii ni mmoja tu."

"Nani?"

"Wewe, Afande."

"Mimi askari. Sina leseni."

"Na zile pale? Kumi na saba, zote zina ukucha wa Simba."

Fisi akazitazama. Mate yakamdondoka, to, to, to. "Zimefungiwa zile."

"Kafunga nani?"

"Mimi."

"Na njiani anakagua nani?"

"Mimi." Akaanza kucheka, mnakijua kile kicheko. "Hee-hee-hee! Mama Buku, njaa imekupa akili. Lakini kizuizi nimwachie nani? Wakipita bure je?"

"Watapita na nini, hawana leseni. Mimi nitakukalia, nina kazi gani? Niachie filimbi. Na uvae zote, Afande, usivae moja. Mtu mkubwa na gome moja, aibu."

Fisi akavaa kamba yote shingoni. Kacha-kacha-kacha. Akampa filimbi, ilikuwa kubwa karibu sawa na kichwa cha Mama Buku, akateremka bondeni. Akapakia nyama ya Simba mgongoni, ng'ombe mzima vipandevipande, akaanza kupanda, hoi, ulimi nje, bwata, bwata, bwata. Hajawahi kubeba mzigo maisha yake. Jua nalo linapanda. Bwata, bwata, akafika Mlango wa Mawe. Mgogo umeshushwa, miiba juu, na kwa juu wamekaa Nungunungu, Komba, Kobe na wengine. Mama Buku yuko juu ya jabali.

Pyuuuu!

"Simama! Leseni."

"Acha mzaha, mama. Vuta kamba."

"Leseni, Afande."

"Hizi hapa! Huna macho?"

Mama Buku akainama, akazisoma moja moja, hana haraka hata kidogo. "Ya Kobe, faini tatu. Ya Komba, faini mbili. Hii yangu, faini tatu. Zote zina faini. Lipa."

"Si zangu mimi! Mdaiwa ni Kobe! Mdaiwa ni wewe!"

Hakujibu yeye. Walijibu wale wa foleni, wote kwa pamoja, jinsi walivyofundishwa: "Faini inakaa kwenye leseni. Aliyeivaa ndiye mdaiwa."

Fisi akarukia mgogo, miiba ikamwingia kifuani, akarudi chini, kwi-kwi-kwi. "Nitakula, panya wewe! Nitakutafuna na watoto wako!"

Na hapo, wanangu, Mama Buku aliogopa. Alijua Fisi anaweza. Mgogo ungekatika siku ile tungekuwa tunasema hadithi nyingine. Lakini akashika filimbi kwa mikono miwili, akasema, "Na faini ya kumtisha askari."

"Nitalipa jioni! Nikipata paja nitalipa!"

"Lipa kwanza, ndipo ubebe."

"Nitalipa na nini kama sibebi?"

Mama Buku akataka kucheka, kicheko hakikuja, alikuwa amechoka. Akasema taratibu tu, "Hilo si la kizuizini."

Jua limebaki shubiri tatu. Fisi analitazama jua, anautazama mgogo, anamwona Simba kichwani mwake anatia meno makali. "Unataka nini, mama yangu?" Leo ni mama yangu.

"Asiyelipa leseni zinachukuliwa. Pitisha hapo chini."

Akavua kamba, akaisukuma chini ya mgogo. Mama Buku akaikata kwa meno, kata! Ya Kobe hii, Kobe akavaa. Ya Komba hii. Ya Nungunungu hii, kaka, nisamehe. Nungunungu akavaa, akasema, "Mguu wenyewe umeshapona." Na faini je? Wamevaa wao sasa, faini si inawarudia? Mama Buku akapuliza filimbi, pyuuuu, akasema faini zote zimesamehewa na askari aliye zamu. Zamu ilikuwa yake.

"Na mimi?" akalia Fisi. "Nyama ya Simba je?"

"Wewe huna leseni. Shusha mzigo. Utabebwa na wenye nazo."

Kamba ikavutwa, mgogo ukainuka, wakashuka wale kumi na saba, kila mmoja na kipande chake, hata Kobe aliwekewa kimoja juu ya nyumba, wakapanda kilimani mbiombio. Wakafika jua likiwa linakaribia utosini, halijakaa. Simba akatoa gunia la karanga. Mama Buku alibeba fungu lake mashavuni, njia nzima anameza mate, hakuonja hata moja, na alipofika nyumbani yule mdogo akaingiza kichwa, akakaa humo ndani muda mrefu, anatafuna.

Fisi alihama usiku uleule kwa aibu. Ikakaa wiki moja, njia tupu, raha. Wiki ya pili Simba akamweka Mbweha. Kijana mwembamba, mstaarabu, ana filimbi mpya. Foleni ikawa kama ilivyokuwa. "Shikamoo mama," akamwambia Mama Buku. "Samahani kidogo, shavu la kulia." Mama Buku akashusha pumzi, akafungua.

Funzo la hadithi hii, na mlishike sana, ni kwamba faini ilipwe siku ileile, kwa furaha, na anayefungiwa leseni akae nyumbani ashukuru, kwa sababu askari wa njia wote ni watu wa huruma na hawana njaa. Mtu akiwauliza kesho mama alisema nini, mseme alisema hivyo. Hivyo tu.

Hadithi imefika kwake, imevua viatu, imekaa kitako. Aliyelala nimeshamwambia, asiyelala asiniombe nyingine.

Ile ya filimbi na kamba tuiache humuhumu ndani, masikio yako mengi huko nje. Nimewaambia ninyi kwa sababu ni wangu. Mwingine yeyote, naapa, simwambii.