Suti Zilizoonekana Mpya

Kabla hujampelekea mwenzako, isome mpaka mwisho.

Katika kijiji kimoja cha kusini Unguja kulikuwa na wanawake sita waliolima mwani. Maji ya ufukweni yalipozidi joto, mwani ukawa unafia kwenye kamba, ikabidi wahamie kwenye maji ya kina. Mradi mmoja ukawafundisha kuzamia kwa mitungi ya hewa. Siku ya mwisho ya mafunzo, ofisa wa mradi, Bwana Haidar, akamwaga rundo la suti za kuzamia, zile za mpira mweusi, akasema, "Chagueni."

Kikundi cha jirani, kilichoongozwa na Bi Hadia, kikakimbilia zile pana ili wazivae juu ya nguo zao. Mize, kiongozi wa wale sita, hakukimbia. Alikuwa amemsikiliza mwalimu: suti ishike mwili, kwa sababu ikipwaya maji yanaingia na kutoka ipendavyo bahari, na baridi inakufuata mpaka kwenye mifupa. Wenzake wakazijaribu moja moja, wakachuchumaa, wakanyoosha mikono. Wakachukua zilizowabana, na madera wakayavaa juu.

Miezi minane Mize hakuwapa wenzake nafasi ya kuzembea. Wakitoka majini, kila mtu anaisuuza suti yake kwa maji ya kisima, ndani na nje, hata siku ambazo ndoo moja iliyobaki ni ya kupikia. Wanazianika kivulini, juu ya gogo nene, zisijikunje. Sabuni ya unga, marufuku. Zipu inapakwa nta ya mshumaa. Pakichanika, panazibwa siku hiyo hiyo.

Ikafika siku ya ukaguzi. Vikundi vyote viwili viliitwa kwenye uwanja wa skuli, na nusu ya kijiji ikaja kutazama.

Bwana Haidar akaanza na suti za akina Bi Hadia. Zimepauka, zimekakamaa, magoti yamepasuka. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hawa wamefanya kazi," akasema. "Watapata mpya."

Kisha akaishika suti ya Mize. Akaivuta, ikanyumbuka, ikarudi. Uso ukamkunjamana.

"Bi Mize, hizi mbona kama zimetoka dukani jana? Mmezifungia kabatini! Nazichukua, niwape wanaozihitaji."

Mize alihisi damu ikimpanda kichwani. Viganja vyake vimechanwa na kamba, kucha zimeliwa na chumvi, na mtu huyu anamwita mvivu mbele ya kijiji kizima!

"Na magunia ya mwani tuliyotoa?" akauliza.

"Hayo yako idara nyingine. Mimi nakagua vifaa."

"Basi kagua. Igeuze ndani nje."

Haidar akaigeuza. Kwapani viraka, magotini viraka, na mishono midogo midogo kama ya kofia. Mtu mmoja alijaribu kuihesabu akaishia njiani.

"Kumbe zilichanika! Mbona hamkuripoti?"

"Tungeripoti, ungeandika hatujui kutunza. Hatukuripoti, unaandika hatufanyi kazi. Sasa tuambie, Bwana Haidar, tufanye lipi ili kalamu yako ituandike vizuri?"

Watu wakaguna. Haidar badala ya kuomba radhi akafunga faili lake.

"Utaratibu ni utaratibu," akasema. "Kilichochakaa ndicho kilichotumika."

Hapo Bi Hadia akasimama. Kila mtu alidhani anataka kushukuru.

"Bwana Ofisa, sisi tumezivaa mara tatu tu. Zilitupwaya, maji yakajaa, tukatetemeka mpaka meno yakagongana, tukaziacha. Tukazitupa juu ya bati na chumvi yake. Kazi unayoisifu hapa ni ya jua, si yetu. Mimi sipokei suti mpya kwa jasho la Mize."

Haidar akatazama karatasi zake kana kwamba jibu limo humo, halafu akaandika kwamba suti za wale sita zibaki.

"Andika na hili," Mize akamwambia. "Zikija mpya, zije kwa vipimo vya watakaozivaa."

Akaandika. Lakini neno la radhi halikumtoka, siku ile wala baada yake.

Wenzake walirudi nyumbani wakipiga vigelegele. Mize alitembea nao bila kucheka. Kilichomuuma hakikuwa kuitwa mvivu tu. Miezi minane ya kazi yake haikuaminiwa mpaka ilipotolewa ushahidi na mtu aliyekaa nyumbani.

Funzo: Kuchakaa si ushahidi wa kazi, na kutunza si ushahidi wa uvivu. Ukipewa mamlaka ya kupima jasho la watu, waulize waliolitoa kabla hujaandika.