Kamba ya Uchaguzi wa Bwawani

Kaeni vizuri, na wewe mwenye miguu mirefu ikunje. Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi, maana jibu litawatia aibu wakubwa zenu, wanyama walikuwa na mji wao ulioitwa Bwawani. Ulikuwa na nyumba, vichochoro, soko, na Baraza la Manispaa lenye meya. Ulikuwa na bwawa moja tu la maji. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Wakubwa walikunywa kwanza. Tembo na ukoo wake, Kiboko na ukoo wake, Nyati na jamaa zake wenye hasira. Wadogo walisubiri. Na jua la kiangazi likizidi, kifaranga akashindwa kusubiri, akakimbilia maji, basi tindi! Mguu umeshuka. Mwenye mguu hata habari hana.

Bi Kanga alikuwa ameangua vifaranga kumi na wanane. Siku ninayoanza kusimulia alibaki na kumi na mmoja.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mtaro mwembamba utoke bwawani, upite nyuma ya kichuguu, uingie kwenye birika la wadogo. Kwa pembe za Tembo hiyo ilikuwa kazi ya nusu siku.

"Mzee Tembo," alisema, "nusu siku tu."

"Lete kwenye Baraza," akajibu Tembo.

Basi tuliangalie hilo Baraza lilivyochaguliwa, mwone wenyewe.

Uchaguzi wa kwanza, Tembo alisema, "Anayetaka umeya asimame." Akasimama yeye. Kiboko akataka kuinuka, Tembo akamtazama, Kiboko akakaa. Uchaguzi ukawa umekwisha, watu wakapiga makofi.

Uchaguzi wa pili, wadogo walilalamika, ikaamuliwa watu wapange mstari nyuma ya mgombea wao. Nungunungu akasimama kwa niaba ya wadogo. Nyuma yake walipanga mia moja na kumi na watatu, kanga, panya, vicheche na sungura. Nyuma ya Tembo walipanga tembo kumi na wawili. Wadogo wakaanza kuimba nyimbo za ushindi.

Mara akaja karani wa Baraza, Nguchiro, mwembamba, macho hayatulii, kamba begani. Mistari haikuhesabiwa vichwa pale Bwawani, wanangu. Ilipimwa urefu! Toka pua ya mgombea mpaka ncha ya mkia wa mpiga kura wa mwisho.

"Mzee Tembo, pima thelathini na nane!" akatangaza Nguchiro. "Nungunungu, pima kumi na tano!"

"Lakini sisi ni wengi!" akalia Bi Kanga.

"Mko wengi, ila mko wafupi," akasema Nguchiro, akakunja kamba yake. "Desturi ni desturi, dada."

Mnacheka? Bi Kanga hakucheka. Kiangazi hicho walikufa vifaranga wawili.

Sasa, huyu Nguchiro alikuwa amebeba kamba ya wenziwe miaka mingi, na bega lilianza kuchoka. Mchana mmoja wa jua kali akabisha hodi kwa Bi Kanga.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Ila kama umekuja kunipima, nimeshapimwa."

"Dada yangu, nimekuja kukufuta machozi. Nisimamisheni mimi nigombee. Nikishinda, siku ya kwanza, kabla sijakalia kiti, mtaro unachimbwa."

"Utashinda vipi? Wewe mwenyewe hufiki hata nusu pima, mkia ukiwemo."

"Hilo niachie mimi. Chi-chi-chi!" Akacheka akaenda zake, moja kwa moja hadi kwa Tembo.

Alipofika aliinama mpaka pua ikagusa vumbi. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mzee, kuna manung'uniko. Hawa wadogo wanataka safari hii wahesabiwe vichwa."

"Vichwa!" Tembo akapiga masikio, pwaa! "Upuuzi gani huo?"

"Ndiyo maana nimekuja mbio. Tuiandike sheria, Mzee, mtu asije akaigeuza. Mstari mrefu ndio mshindi, mrefu kwa kamba, uwe wa nani uwe wa nani."

"Na mkia uhesabiwe?"

"Mkia wa Mzee uachwe vipi? Uhesabiwe!"

Tembo akafurahi kupita kiasi. Nguchiro akaandika kwenye gome la mti, Tembo akaweka muhuri kwa mguu, tih! Gome likapasuka kidogo pembeni, lakini likasomeka.

Siku ya uchaguzi wa tatu ikafika. Tembo alileta ukoo mzima, akaazima na viboko, akaazima na nyati. Mstari wake ulifika pima sitini. Nguchiro akasimama upande wa pili, kamba mkononi, nyuma yake wale wale mia na ushee.

Nungunungu akamsogelea Bi Kanga. "Shoga, hivi ni sawa kweli? Mgombea huyo huyo, na kamba anashika yeye?"

"Nyamaza wewe!" Bi Kanga akamkata. "Miaka yote kamba imetuumiza. Leo imeshikwa na wetu, unaanza maneno?"

"Nauliza tu."

"Usiulize. Unatuletea nuksi."

Nungunungu akarudi kwenye mstari. Sitaki kumlaumu Bi Kanga sana, maana mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo, na nyinyi pia, acheni kujifanya.

Nguchiro akapiga mluzi. Fyuuu!

Ardhi ikatambaa. Kutoka chini ya jiwe la ofisi ya Baraza wakatoka siafu, mmoja nyuma ya mwenziwe, kimya, kwa nidhamu yao ile mnayoijua. Walipita sokoni, wakazunguka kichuguu, wakapanda kilima, wakashuka upande wa pili, na chini ya jiwe bado walikuwa wanatoka. Kamba ya pima mia iliishia mlangoni mwa soko.

"Hawa ni wadudu!" akanguruma Tembo.

"Ni wakazi, Mzee. Wanakaa chini ya ofisi yako tangu hujazaliwa. Na sheria imesema mstari mrefu, uwe wa nani uwe wa nani. Au muhuri huu ni wa mguu wa nani?"

Tembo akainua huo mguu awasage. Lo! Siafu hawakumngoja. Walimpanda kwenye kucha, wakapanda goti, wakaingia mkongani. "Piaa! Piaa! Nakufa mimi!" Tembo akatimua mbio mpaka bwawani, chubwi! Meya mzima kajizamisha, pua peke yake ndiyo inaonekana, inapiga chafya.

Wadogo walicheka mpaka wakagaragara. Walimbeba Nguchiro juu juu mji mzima, chakacha ikachezwa mpaka miguu ikavimba. Bi Kanga alilia kwa furaha. Alikuwa na vifaranga tisa, akawaambia, "Wanangu, mwaka huu mtakunywa mkiwa mmesimama kwa raha zenu."

Hadithi ingekuwa ya watoto wadogo, ningeikata hapo tukalala. Lakini nyinyi mmeshakua.

Siku ya kwanza mtaro haukuchimbwa. "Nipeni wiki moja," alisema Nguchiro, "nijue funguo ziko wapi."

Wiki ikapita, mwezi ukapita. Siku moja Bi Kanga akasikia mapembe yanachimba, kwachu, kwachu! Akatoka mbio na vifaranga wote nyuma. Kweli, alikuwa Tembo, anachimba mtaro mwembamba mzuri kutoka bwawani. Bi Kanga akaufuata mtaro huku moyo unamdunda, ukapita kichuguu, ukakata kona, ukaingia uani kwa Nguchiro. Ukuta ulikuwa umeshajengwa.

Tembo alikuwa sasa Naibu Meya. Alichimbia maji ya nguchiro mmoja kwa jasho lake, na akajiona kapewa heshima kubwa. Na kwa malipo ya kazi hiyo, bwawa lilibaki la wakubwa kama zamani.

Bi Kanga akaenda ofisini. Mlangoni alikuta karani mpya, binamu wa Nguchiro.

"Mheshimiwa yuko mkutanoni."

"Namsikia anakunywa maji."

"Yuko mkutanoni na maji."

Bi Kanga akapaza sauti. "Nguchiro! Ndugu yangu! Mimi dada yako!"

Nguchiro akachungulia dirishani, ametononoka, manyoya yanang'aa. "Aa, mama mwananchi! Lile suala lako la birika liko kwenye mchakato. Tumeunda kamati."

"Kamati ya nani?"

"Mwenyekiti ni Kiboko. Ana uzoefu na maji."

Kiangazi kilipokuja, tindi, na tindi, na tindi tena. Aliyefuata alikuwa Kidoa, kifaranga wa mwisho kuanguliwa, aliyekuwa anachechemea na kupenda kulala chini ya bawa la mama yake hata mchana. Kiboko alipoambiwa alisema, "Yupi? Sikuona kitu." Bi Kanga alibaki na watano. Nasema kweli, kila nikifika hapa naona hasira, hata kama nimeisimulia mara nyingi.

Uchaguzi wa nne ulipokaribia, Bi Kanga mwenyewe akachukua fomu. Akawaendea siafu. "Mlipewa nini kwa kura zenu?"

"Tuliahidiwa jiwe la pili," wakasema. "Hata lile la kwanza wameliziba kwa lipu."

"Basi njooni nyuma yangu."

"Tutakuja wote."

Habari zikamfikia Nguchiro. Wadogo walingoja akasirike. Hakukasirika. Alipanda jukwaani, akatoa lile gome la sheria, akalichana mbele ya mji mzima.

"Wananchi! Sheria hii ya kupima urefu ni ya kikoloni! Imewaonea wadogo! Kuanzia sasa, Bwawani, tutahesabu vichwa!"

Wee! Wadogo walilipuka kwa vigelegele. Vichwa! Kile walichokililia tangu uchaguzi wa pili! Nungunungu mwenyewe aliacha mdomo wazi, halafu akasema polepole, "Na kuhesabu, anahesabu nani?" Lakini kelele zilikuwa nyingi, na Bi Kanga alikuwa ameshaanza kucheza.

Siku ya uchaguzi wote walifika mapema. Nyuma ya Nguchiro walipanga tembo, viboko na nyati, thelathini na mmoja. Nyuma ya Bi Kanga walipanga wadogo wote wa mji, na siafu wakafunika kilima. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuhesabu, mshindi alionekana kwa macho.

Nguchiro akaja na kamba ile ile. Akaifunga kwenye mti huu, akaivuta mpaka mti ule, usawa wa goti la Tembo.

"Wananchi, mnajua tatizo la wapiga kura hewa. Mtu anasema tuko elfu, ukitazama huoni kitu. Kwa hiyo kichwa kitakachohesabiwa ni kile kinachoonekana juu ya kamba. Goti tu, jamani. Sijasema bega."

Wakubwa walipita mmoja mmoja. "Moja! Mbili! Tatu!" Mpaka thelathini na moja.

Wakaja wadogo. Panya akapita chini ya kamba bila hata kuinama. Sungura akasimamisha masikio, akaambiwa masikio si kichwa. Nungunungu alisimama kwa miguu miwili, akatetemeka, akaanguka. Siafu walipita saa nzima, na karani alikuwa anapiga miayo.

Bi Kanga alinyoosha shingo. Aliinyoosha mpaka madoa yakaachana. Ilibaki upana wa kiganja. Akapiga mabawa, purrr! Kichwa kikavuka kamba, kikaonekana na mji mzima.

"Kuruka si kusimama," akasema Nguchiro. "Bi Kanga, sufuri."

Bi Kanga akamwendea pale pale, pua kwa mdomo.

"Nguchiro. Na wewe mwenyewe hufiki kwenye hiyo kamba."

"Kweli kabisa," akajibu bila hata kuona haya. "Ndiyo maana mimi sikupanga mstari."

Akafungua kamba, akaikunja, akaiweka begani. Bega hilo halikuchoka tena.

Vifaranga watano walikuwa wameshinda juani tangu asubuhi. "Mama, kiu," wakasema. Bi Kanga akawapeleka bwawani, akawapanga nyuma ya kichuguu, akasimama mbele yao ametandaza mabawa, na wakangoja ukoo wa Tembo unywe, na wa Kiboko, na wa Nyati, waliokuwa wanasherehekea na hawakuwa na haraka yoyote. Kabla wakubwa hawajaondoka, mmoja wa vifaranga alishindwa kungoja.

Nimeishia hapo. Asiyeipenda hadithi hii aende Bwawani akaibadilishe.

Na funzo lake ni hili: anayegombea kiti asiachiwe kuhesabu kura, hata akiwa ni wenu.