Kidari cha Ndeanasia

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni juzijuzi tu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro palikuwa na mwanamke mbeba mizigo aliyeitwa Ndeanasia. Alitaka kuwa kiongozi wa watalii. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza, na nafasi ilikuwa moja.

Maneno alikuwa nayo tele. Shida ilikuwa kuyaoanisha, kujua lipi huenda na lipi. Sisi husema tunapiga picha, Wazungu husema wanaichukua. Mvua yetu ni kubwa. Yao ni nzito. Ndeanasia alipoyapanga kama anavyoyapanga nyumbani, wageni walimkodolea macho.

"Nitayajua tu," akasema. "Hata yaning'oe meno."

Mbeba mizigo mwenzake, Kiwia, alikuwa akimimina chai kambini huku masikio yakiwa kwa wageni. Kila aliposikia maneno mawili yakitembea pamoja, alimletea. Na Kiwia naye alikuwa akiusubiri mtihani uleule!

Mama mkwe wa Ndeanasia hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini alimkatia majani ya ng'ombe, akambebea mtoto, kisha akakaa jikoni kumsikiliza: "Hapo umesita. Sema tena. Sema tena!"

Shayo, kiongozi mkongwe, yeye alimcheka. Ndeanasia akikosea, alimkatiza mbele ya wageni na kuinyoosha sentensi yake. Ndeanasia alilia kwa hasira nyuma ya mahema, lakini kosa lile hakulirudia.

Siku ya mtihani, msimamizi akamwambia: "Mimi ni mgeni mkaidi. Dhoruba inakuja. Nishushe."

Akamshusha kwa maneno ya Kiwia, bila kusita, bila kosa. Akapita. Kiwia akakosa.

Nyumbani wakachinja mbuzi, Kiwia na Shayo wakaalikwa. Katika ukoo ule kidari, nyama ya kifua, hakikatwi. Huwekwa kwenye sahani moja, ya yule aliyekufikisha ulikotaka kufika.

Kiwia akasema: "Dada, maneno yalikuwa yangu. Nilikupa nikijua nafasi ni moja."

Mama mkwe akasema: "Mwanangu, ungejifunza saa ngapi? Muda nilikupa mimi, na mgongo huu ni shahidi."

Shayo akakohoa. "Hawa walikupenda. Mimi nilikunyoosha. Kule juu nani atakuonea huruma?"

Ndeanasia akakinyanyua kidari, kikitoa mvuke bado. "Leo nakitoa," akasema, "na sitakikata."

Haya, mnaonisikiliza, sahani ni tatu na kidari kinapoa. Je, nani alistahili?