Kanda Iliyonyamaza

Wapo wanaojua thamani ya uangalifu kabla ya kosa, na wapo wanaoijua baadaye, wakiwa wameinamisha nyuso. Mnakili kanda mmoja, aliyepewa lakabu ya Sikio, aliijua akiwa na mvi kichwani.

Lakabu hiyo hakuipata bure. Kila asubuhi alisafisha mashine yake kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Akinakili muziki, aliusikiliza tangu mwanzo hadi mwisho; besi ikivuma kupita kiasi, alirudia kazi yote. Watu walisema katika kanda ya Sikio utasikia hata mwimbaji akimeza mate.

Sifa zikamvimbisha kichwa. Akanunua mashine ya milango miwili, inayonakili mbio mbio, akaacha kusikiliza.

"Mashine ina masikio yake," aliwatania wateja.

Siku moja aliingia mshonaji wa duka la jirani, mjane mpole kama maji ya mtungini, akiwa na kanda aliyoifunga kwenye leso.

"Kaka, hii ni sauti ya marehemu mume wangu, akiimba na gitaa lake. Sina nyingine. Binti yetu anaolewa Jumamosi, nataka aondoke na nakala."

"Dada, ondoa shaka. Umefika kwa mwenyewe."

Wakati huo wateja watatu walikuwa wakibishana naye kuhusu mpira. Sikio hakuvunja kile kijino cha plastiki cha kanda ya marehemu, ambacho kikivunjwa kanda haifutiki. Alizitumbukiza kanda zote mbili, hiyo na nyingine tupu, akabonyeza, akarudi kwenye ubishi. Kumbe ameziweka kinyume! Kanda tupu ikasoma, na ya marehemu ikarekodi. Ukimya ukanakiliwa juu ya sauti yake, mwanzo hadi mwisho.

Jioni mjane alizichukua kanda zote mbili; kesho yake alirudi nazo pamoja na bintiye.

"Kaka, zote mbili hazisemi kitu."

Sikio alizijaribu. Zikatoa mvumo mtupu, shhh, kama mvua ya mbali. Alipokiona kile kijino kizima, akajua alichokifanya. Ulimi ukaitangulia akili.

"Kanda kuukuu hizi, dada. Huchoka zenyewe."

Mjane akamgeukia bintiye. "Basi ni mimi, mwanangu. Niliiweka dirishani, jua likaipiga. Nisamehe."

Binti akamkumbatia mama yake, akimfariji kwa kosa lisilo lake. Sikio alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Si wewe, dada," alisema. "Ni mimi. Niliziweka kinyume, kisha nikakudanganya. Nimemfuta."

Mjane hakufoka; aliuliza tu:

"Angalau wewe ulimsikia? Pale mwishoni alikuwa akicheka, akiniita jina langu."

Swali hilo lilimpiga kuliko kofi.

"Sikusikiliza," alijibu, macho sakafuni.

Mjane aliifunga tena kanda yake kwenye leso, akaondoka nayo ingawa ilikuwa tupu.

Hakumnunia Sikio. Kila asubuhi alimsalimu kama zamani, na salamu hizo ndizo zilizomchoma. Alizijibu huku akijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Alianza upya kusikiliza kila kanda hadi mwisho, akarudiwa na sifa zake, lakini akisifiwa alibadili mazungumzo. Angeweza kuirudia kazi ya kila mteja mara kumi, isipokuwa ile moja. Hakika, maji yakimwagika hayazoleki.