Ubao Alioufuta Nyamizi

"Kipigo hakifutwi, husomwa." Mmeisikia kwa kocha wenu leo mkacheka, sasa mnakuja kuniuliza imetoka wapi, mimi mfua jezi. Haya, kaeni. Na wewe mwenye mpira acha kuudundisha, utanitia wazimu. Methali hii ilianza hivi, ndani ya chumba hikihiki.

Mwaka huo timu yetu ya wanawake ya hapa Tabora ilikuwa kwenye ligi kuu ya mpira wa kikapu. Tulikuwa tumecheza mechi kumi na tatu, tumeshinda nne, tumefungwa tisa. Ilibaki moja. Tukifungwa tunashuka daraja, na mfadhili alishasema wazi kwamba timu ikishuka, yeye hayumo. Mabinti wangerudi makwao na habari ingeishia hapo.

Baada ya kila mechi mimi ndiye niliyeandika matokeo kwenye ubao ule pale. Niliandika alama za kila robo ya mchezo, na mwishoni jina la aliyerusha mpira wa mwisho. Hakuna aliyenituma, napenda tu mambo yaliyokamilika.

Nahodha alikuwa Nyamizi. Ndiye aliyeanzisha timu, akawafundisha wenzake wote tangu kudaka mpira, nao wakamwita Dada Mkubwa. Siku mbili kabla ya mechi ya mwisho niliingia nikakuta ubao mtupu, na yeye ameshika kitambaa.

"Umefanya nini, Nyamizi?"

"Nimeondoa mkosi, Mama Kabula. Wasichana wakiviona vile vipigo wanakata tamaa."

Nilikasirika, siwafichi. Kazi yangu ya msimu mzima. Nikachukua chaki nikaanza kuandika upya, maana yote nilikuwa nayo kichwani. Wachezaji wakaingia mmojammoja, wakasimama kutazama.

Katika vipigo tisa, saba tulikuwa tunaongoza mpaka robo ya mwisho. Na mwisho wa kila mstari: Nyamizi. Nyamizi. Nyamizi.

Kosa lilikuwa hapo. Dakika za mwisho kila binti alimpelekea mpira Dada Mkubwa, hata kama yeye mwenyewe yuko wazi chini ya kikapu. Adabu hiyo, utarushaje wewe na mkubwa yupo? Wapinzani walishatujua, wakawa wanamsubiri yeye tu. Na sisi tulijua, hata kocha, lakini nani angemwambia?

Nyamizi alisoma tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akarudia. Nilimwonea huruma, nikatamani nisingeandika.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Hapana, Dada," akajibu Shija, mdogo kuliko wote.

"Shija, mimi sikukufundisha uongo. Kuanzia leo nikiupata mpira wa mwisho nampa aliye wazi, naye arushe. Asiyerusha, huyo ndiye aliyenikosea adabu."

Siku ya mechi zilibaki sekunde sita, tuko nyuma kwa alama moja, mpira uko kwa Nyamizi. Wapinzani watatu wakamvamia. Ukumbi mzima ulijua atarusha. Hata mimi niliyeandika ule ubao nilijua atarusha. Akaruka, mikono juu, na akiwa hewani akaushusha mpira kwa Shija aliyekuwa peke yake. Shija akamtazama Dada yake.

"Rusha, mwanangu," Nyamizi akamwambia.

Akarusha. Ukaingia.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kelele. Mwili ulinisisimka, na hata sasa nikiwasimulia unanisisimka. Nimeona mabinti wengi wakifunga vikapu vigumu. Sijaona tena mtu akitoa mbele ya macho ya watu kitu anachokipenda kuliko vyote, kwa upole namna ile.

Tuliporudi humu nilimpa Nyamizi chaki. Akaandika 58 kwa 57, na mwishoni: Shija. Kisha akachukua kile kitambaa, nami nikashtuka, nikadhani anafuta tena. Akakikunja, akaniwekea mkononi.

"Kafutie vyombo, Mama Kabula," akasema. "Kipigo hakifutwi, husomwa."