Mbuzi Aliyekataa Kukaa Chini

Paukwa!

"Pakawa..."

Hiyo ni pakawa au kikohozi? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo kale, ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Yemeni walikotoka Washihiri, palikuwa na mji uitwao Shibamu. Nyumba zake zilikuwa za matofali ya udongo na makapi, lakini ndefu! Orofa juu ya orofa, zimebanana kama meno. Chini kabisa walikaa mbuzi na magunia ya nafaka. Juu walikaa watu.

"Bibi, udongo hauyeyuki?"

Utajua, Mwanaidi, ukifunga mdomo.

Katika nyumba moja alikaa Bi Muzna. Mumewe alikuwa safarini Java kwa biashara. Binti yao, Shifaa, alikuwa amejifungua, yuko orofa ya juu ndani ya arobaini yake, siku ambazo mzazi hatoki nje. Na chini alikuwapo mbuzi, jina lake Rumana, wa kumpa mzazi maziwa.

Mwaka huo mvua ilinyesha sana milimani. Maji yakashuka bondeni, yakajaa mashamba ya mitende nje ya ukuta wa mji. Langoni hayakuingia. Watu wakasema alhamdulillahi, wakaendelea na shughuli zao.

Asubuhi moja Bi Muzna akasikia ngazini ko! ko! ko! Akamkuta Rumana jikoni, anatafuna tende.

"We mbuzi! Nani kakuita huku?"

"Bi Muzna, nimepanda kwa sababu..."

"Sababu! Mbuzi naye ana sababu! Shuka! Juu pa watu, chini pa mbuzi!"

Akamvuta pembe mpaka chini, akafunga mlango kwa kamba.

Kesho yake, ko! ko! ko! Kamba imetafunwa. Safari hii Rumana yuko sebuleni, juu ya zulia, na wageni wamekaa, wamekuja kumtazama mtoto. Na papo hapo akaangusha vigololi vyake.

"Vigololi gani, Bibi?"

Vya mbuzi! Unataka nikuletee?

Bi Muzna aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Bi Muzna, nisikilize, huko chini..."

"Huko chini ndiko kwenu! Shuka!"

Semeni nanyi, wanangu!

"Juu pa watu, chini pa mbuzi!"

Akamshusha, akatia komeo.

Siku ya tatu, alipofungua ili akamue, Rumana akampita miguuni kama mshale. Ko! ko! ko! Akapita jikoni, akapita sebuleni, akapita chumbani kwa mzazi, mtoto akaamka akalia. Mbuzi akaenda mpaka darini. Bi Muzna nyuma yake, bakuli mkononi. Alipofika juu pumzi zilikuwa zimemwishia. Akakaa kitako. Alitaka kufoka, sauti haikutoka.

Ndipo Rumana akapata nafasi.

"Bi Muzna, huko chini ukuta umelowa. Nikiuegemea, nalowa ubavu. Nikiulamba, unamong'onyoka mdomoni. Jana tofali limeanguka karibu na kichwa changu. Silali huko tena, hata ukinichinja."

Bi Muzna akashuka ngazi zote. Akaweka kiganja ukutani. Kiganja kikazama, kikatoka na tope. Maji ya mashambani yalikuwa yamepita chini ya ardhi, polepole, yakaulowesha msingi.

"Shifaa! Mchukue mtoto, utoke!"

"Mama, arobaini yangu haijaisha..."

"Toka!"

Wakatoka, na mbuzi nyuma yao. Adhuhuri haijaadhiniwa, pembe nzima ya nyumba ikashuka. Jiko likaenda, sebule ikaenda, chumba cha mzazi kikaenda. Mtaa wote ukajaa vumbi. Hakuumia mtu.

Bi Muzna alikaa barabarani, amempakata mjukuu. Akamgeukia mbuzi.

"Na wewe! Kwa nini hukuniambia mapema?"

Rumana akamtazama. Akamtazama tena. Kisha akageuka, akaenda zake kutafuta majani.

Watu wa mtaa wakaja, wakachimba mfereji wa kuyatoa maji, wakakanyaga udongo na makapi, wakaijenga upya pembe ile. Bi Muzna alibeba udongo pamoja nao, na siku zile hakumfokea mtu.

Basi wanangu, anayekukera huenda ana neno. Ukimkatiza kila mara, utalisikia nyumba ikishaanguka.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye swali aulize sasa, nami nitamsikiliza mpaka mwisho.