Nanzia au Kinyoya

Nikisema "Kisa," ninyi semeni "Kije." Kisa. Hao wa nyuma sijawasikia. Haya, kije basi, ila kije taratibu, maana bibi yenu tangu asubuhi alikuwa akipalilia maharage na mgongo huu haunitaki tena. Wewe Nakunda, sogea kidogo, umenikalia kanga.

Ilikuwa zamani. Si zamani ya babu yenu, wala ya babu yake babu yenu. Ni zamani ile milima hii ilipokuwa na chui wengi kuliko watu. Huko juu kulikuwa na kijiji kikiitwa Makweni. Makweni hakukuwa na mto. Kulikuwa na chemchemi moja nyembamba, na chini yake watu walijenga bwawa la mawe na udongo. Usiku maji yalijikusanya humo. Alfajiri bwawa lilizibuliwa, maji yakashuka kwa mfereji mpaka mashambani. Jioni likazibwa tena. Wakisahau kuziba, kesho yake hakuna maji. Wakisahau kuzibua, maji yanafurika na ukuta unabomoka.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kuzibua na kuziba ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu, mwanamke, na mwanamke huyo sharti aitwe Nanzia. Walisema aliyelijenga bwawa aliitwa hivyo. Nanzia akifa, mjukuu wa kwanza wa kike atakayezaliwa nyumbani kwake anapewa jina hilo, na akilipata jina ameipata na kazi. Haolewi nje ya kijiji. Halali mpaka jua litoke, hata siku moja. Na mpaka akue, mama yake ndiye anayemfanyia. Watu wa Makweni waliamini kuwa maji yanalijua lile jina, kwa hiyo hakuna mwingine aliyejisumbua kujifunza. Mnanielewa? Kijiji kizima kinakunywa, anayejua kuzibua ni mmoja.

Nanzia wa wakati huo alikuwa na mwana aitwaye Mrutu, na mke wa Mrutu aliitwa Nakijwa. Bibi Nanzia alipozeeka, miguu ikakataa kupanda mlima. Akamfundisha mkwewe, akamwambia, "Nisaidie mwanangu, mpaka nipate nafuu." Nafuu gani? Miaka mitatu ikapita. Alfajiri Nakijwa alikwenda, jioni alikwenda. Mvua ikinyesha alikwenda, baridi ikiuma alikwenda. Akiwa na homa alikwenda, akiwa na mimba alikwenda. Kisha Bibi Nanzia akafariki, na Nakijwa akamlilia kweli, maana walipendana.

Mwezi haujaisha, Nakijwa akajifungua mtoto wa kike. Nawaambia alivyojifungua. Alfajiri alizibua bwawa, adhuhuri akapata mtoto, jioni akaenda kuziba, mkunga akimshika mkono njia nzima. Watu walimwona akipita. Wakasema, "Hongera, mama," wakaendelea kumenya ndizi zao.

Yule mkunga alipompokea mtoto alisema, "Huyu mwepesi kama kinyoya cha kuku." Basi nyumbani wakaanza kumwita Kinyoya. Jina la kuchezea tu. Jina lenyewe lilikuwa linangoja siku ya kumi.

Siku ya tisa Mrutu alikaa karibu na mkewe akamshika mtoto vidole. Akasema, "Kesho nitaanza kumwita mama. Unajua ni siku ngapi sijamwita mtu mama?"

Nakijwa akasema, "Mimi naona abaki Kinyoya."

"Kinyoya? Huwezi kumpa mtu jina hilo. Akija kuwa bibi kizee aitwe Kinyoya?"

"Akija kuwa bibi kizee atakuwa amelala vya kutosha. Nimechoka, Mrutu."

"Najua umechoka. Mtoto mchanga ndivyo alivyo. Kuchoka kutaisha."

"Kwa mama yako kuliisha lini?"

Nakijwa akajijibu mwenyewe. "Kuliisha siku tuliyomzika."

Mrutu akatoka nje. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alikuwa na majonzi ya mama yake, na mtu mwenye majonzi haoni mbali. Kwake jina lilikuwa mama amerudi. Kwa mkewe jina lilikuwa mtoto amefungwa kamba kabla hajaota jino.

Siku ya kumi kijiji kizima kikapanda bwawani. Desturi ilikuwa hivi: mzee wa kijiji huliita jina mara tatu, na mama huitika kwa niaba ya mtoto. Akiitika, jina limekaa. Asipoitika mara zote tatu, jina limerudi kwa wenyewe na haliitwi tena juu ya mtoto yule. Lakini nani aliwahi kukaa kimya? Hakuna. Tangu bwawa lijengwe, hakuna.

Mzee Sengondo ndiye aliyeita siku hiyo. Mzee huyo alipenda kusikilizwa. Kwanza alihutubia. Akawataja akina Nanzia wote waliopita, akawasifu mmoja mmoja, na jua likapanda. Nakijwa alikuwa amekaa kwenye jiwe, mtoto mapajani. Hotuba ikaendelea. Macho ya Nakijwa yakawa mazito, shingo ikalegea, akasinzia palepale mbele ya watu.

"Nanzia," akaita Mzee Sengondo.

Kimya.

"Nanzia."

Kimya. Wanawake wakaanza kutazamana. Mrutu akamtikisa mkewe bega, akamnong'oneza, "Itika, mke wangu. Wanakuita."

Nakijwa akafumbua macho. Hapo tulieni, wajukuu zangu, maana wengine husema aliponzwa na usingizi. Si kweli. Mara ya tatu alikuwa macho kabisa. Aliwaona watu wote wakimtazama, akamwona mumewe, akamwona mtoto anavyonyonya kidole.

"Nanzia," akaita mzee.

Nakijwa akafunga mdomo wake. Akamtazama mzee usoni, na hakuitika.

Mzee Sengondo aliona kama ameota. "Mwanangu, hukusikia?"

"Nimesikia, baba."

"Mbona huitiki?"

"Mwanangu anaitwa Kinyoya."

Watu wakaguna. Mzee akasema, "Hilo ni jina la kumbembelezea mtoto. Maji hayatalijua."

Nakijwa akasema, "Yasilijue, baba. Ndivyo ninavyotaka." Akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akateremka peke yake. Mrutu alibaki amesimama na aibu yake, hajui amfuate mke au abaki na wazee.

Jioni hiyo Nakijwa akaziba bwawa kama kawaida, maana maji hayana kosa. Walikula kimya, wakalala kimya.

Kesho yake Nakijwa alipoamka, jua lilikuwa limeingia ndani. Miaka mitatu hakuwahi kuliona jua akiwa kitandani. Akaruka. Mumewe hayupo. Akambeba mtoto, akapanda mlima mbio, moyo ukimwambia ukuta umeshabomoka.

Akamkuta Mrutu. Yumo bwawani, tope mpaka kifuani, kucha zimevunjika. Alikuwa ameondoka alfajiri kuzibua mwenyewe. Lakini lile zibo lilikuwa gogo lililosokotewa maganda ya migomba na kukandikwa udongo. Lazima ulizungushe kwanza, mguu wa kushoto kwenye jiwe la chini, usikilize mpaka lianze kupuliza, ndipo uvute. Mrutu alivuta tu. Akavuta na gogo, akavuta na kipande cha ukuta. Maji yakashuka yote kwa mara moja, yakapita juu ya mfereji na kuchukua matuta mawili ya kunde za Mzee Sengondo. Mzee naye alikuwa pale, anatazama shamba lake, na mara hii hakuwa na hotuba.

Nakijwa akakaa ukingoni, akampa mtoto ziwa. Akamwambia mumewe, "Anza na mawe makubwa. Udongo uukande na majani, la sivyo utayeyuka."

Mrutu akajenga. Watu wakaja wakamtazama, wengine wakavua shuka wakaingia topeni. Nakijwa alikaa palepale akiwaelekeza, hata Mzee Sengondo akaelekezwa, akabeba mawe. Ilipofika alasiri ukuta ulikuwa umesimama, na kila nyumba ilikuwa na mtu mmoja aliyejua mguu unawekwa wapi.

Mrutu akatoka majini. Mikono ilikuwa imechubuka hata hawezi kushika kibuyu. Akakaa karibu na mkewe, akamtazama mtoto muda mrefu.

Akasema, "Mama yangu alifanya hivi miaka arobaini. Mimi nilikunywa, nikaoga, nikala maharage. Sikumuuliza hata siku moja kama amechoka."

Akalia, mtu mzima, mbele ya watu. Nakijwa hakumnyamazisha. Alipomaliza kulia akanyoosha mikono, akasema, "Nipe Kinyoya nimshike. Jina la mama yangu liacheni lipumzike."

Na halikuitwa tena Makweni. Kinyoya akakua na jina lake la kuchezea, akaolewa mbali, akalala mpaka asubuhi. Bwawa lilizibuliwa kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile kesho.

Basi wajukuu zangu, mafunzo yake ni haya: ukimpenda mtu, usingoje afe ndipo umpe mtoto jina lake. Mpokee mzigo angali anatembea. Na leo, nilipokuwa shambani, mlikuwa wapi ninyi?

Mnacheka. Chekeni. Kisa nimekitua hapa chini, anayekitaka akibebe. Mimi nakwenda kunyoosha mgongo.